Mwenye Macho Chini ya Maji

Wazee walisema, "Mwenye macho haambiwi tazama." Neno hilo ni kweli juu ya nchi kavu. Lakini sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Mweru twajua kwamba kuna mahali ambapo hata mwenye macho mazuri kabisa hutazama asione, napo ni chini ya maji. Wenzangu wengi hapa shuleni hubishana juu ya jambo hili, nami ni mmoja wa wale wachache wanaovaa miwani darasani. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nieleze yale niliyojifunza.

Hapa Nchelenge husemwa maneno mawili yanayopingana. La kwanza ni kwamba kijana asiyeona mbali hafai kupiga mbizi, kwani ikiwa haoni maandishi ubaoni ataona nini majini? La pili nililisikia sokoni Kashikishi kwa wavuvi waliovuka kutoka upande wa Kongo. Wao walisema kwamba asiyeona mbali ndiye aonaye vizuri majini, kwa sababu maji hugeuza mambo. Maneno yote mawili yana kosa, ingawa la pili lina chembe ya ukweli.

Ili tufahamu vizuri, tuanze na upondo wa mtumbwi. Kila mtoto wa ziwani ameona jinsi upondo unavyoonekana kama umevunjika pale unapoingia majini. Ukiutoa, umenyooka kama kawaida. Uliopinda si mti, bali ni nuru, maana nuru hupinda ipitapo kutoka kwenye maji kuingia hewani, au kutoka hewani kuingia majini.

Basi jicho letu hufanya kazi kwa njia hiyohiyo ya kupinda nuru. Mbele ya jicho kuna ngozi angavu yenye umbo la mviringo, iitwayo konea. Nyuma yake kuna mboni, yaani tundu jeusi la kupitishia nuru, kisha lenzi, na mwisho kabisa kuna retina, ambapo picha hutua. Watu wengi hudhani kwamba lenzi ndiyo ifanyayo kazi yote. Sivyo. Wapimaji wa macho hupima nguvu ya kupinda nuru kwa kipimo kiitwacho dayopta. Jicho zima lina dayopta kama 60, na katika hizo konea peke yake ina kama 43. Lakini konea yaipinda nuru kwa sababu mbele yake kuna hewa. Ukizama na macho wazi, maji hugusa konea, na kwa kuwa konea na maji hupitisha nuru karibu sawasawa, nuru haina sababu ya kupinda hapo tena. Karibu nguvu yote ya konea hupotea. Picha haitui tena kwenye retina. Ingetua mbali nyuma yake, na vitu vyote huonekana kama ukungu.

Je, asiyeona mbali? Jicho lake hupinda nuru kupita kiasi, au ni refu kupita kiasi, hata picha hutua mbele ya retina. Kwa hiyo maji yanapompunguzia nguvu, yeye hupoteza kidogo chini ya mwenzake. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli niliyoitaja. Lakini hebu tufanye hesabu. Miwani yangu ni ya dayopta 3. Mwenye macho mazuri anapozama huwa na upungufu wa dayopta 43, nami huwa na upungufu wa 40. Ni kama watu wawili wenye madeni, mmoja wa kwacha 43 na mwingine wa kwacha 40, na wote wawili mifuko mitupu. Ni nani kati yao atakayejisifu kuwa tajiri?

Wengine huniuliza mbona nisizame na miwani yangu. Haifai hata kidogo. Vioo vyake navyo hupoteza nguvu majini, hubaki na kama theluthi moja tu. Tena ni vioo vya kulipunguzia jicho nguvu, hali majini jicho lahitaji kuongezewa. Miwani ya kuzamia ni jambo jingine. Yenyewe huweka hewa mbele ya konea, na konea huirudia kazi yake. Vitu huonekana wazi, ingawa huonekana karibu zaidi, kama robo tatu ya umbali wake wa kweli. Na ajabu ni hii: avaaye miwani hiyo hurudishiwa macho yake ya nchi kavu, mazuri kwa mabaya. Mwenye kuona mbali huona mbali tena, na mimi hurudia upungufu wangu. Bila miwani hiyo maji hutufanya sawa.

Samaki hana taabu hiyo. Mlapo samaki wa pale, tazameni ile gololi nyeupe ngumu iliyo ndani ya jicho lake lililopikwa. Hiyo ndiyo lenzi yake. Yetu ni bapa kidogo kama dengu, kwa sababu ina konea ya kuisaidia. Ya samaki ni mviringo kabisa, maana ndiyo ifanyayo kazi yote.

Mimi na binamu yangu tuliyajaribu hayo. Binamu yangu aweza kutambua mtumbwi wa nani unarudi, wakati mimi bado sijaona kwamba kuna mtumbwi. Tulichukua sahani nyeupe ya bati, tukaichora mistari mitatu minene ya rangi nyeusi, tukaenda mahali penye maji mafupi. Mmoja aliishika sahani chini ya maji, ama mistari ikiwa imesimama ama imelala, na mwingine alizamisha kichwa ataje ilivyo. Kwa urefu wa mkono ulionyooshwa, yeye alibahatisha nami nilibahatisha. Tulipoisogeza sahani karibu na uso, wote wawili tulitaja sawa. Tuligundua pia kwamba adhuhuri, jua likiwa kali, tuliona vizuri kuliko jioni. Sababu yake ni kwamba katika nuru nyingi mboni huwa ndogo, na tundu dogo hupunguza ukungu wa picha.

Kuna watu walioligeuza jambo hilo kuwa ustadi. Ni Wamoken, watu wa bahari wa pande za Thailand na Burma, ambao watoto wao huzama bila miwani kutafuta chakula. Mnamo mwaka 2003 mtaalamu Anna Gislén wa Chuo Kikuu cha Lund, nchini Sweden, alitangaza kwamba watoto hao huona majini kwa ukali unaozidi mara mbili ule wa watoto wa Ulaya. Macho yao hayakuumbwa kama ya samaki. Wao hukaza mboni hadi iwe ndogo sana, na kuikaza lenzi kwa nguvu zake zote. Na mwaka 2006 yeye na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Sweden nao wakifunzwa hupata ustadi huohuo.

Lakini maji ya kwetu si kama ya bahari ile. Mto Luapula huleta tope, na hapo hata mboni ndogo haisaidii. Mwaka jana, mwezi wa Machi, baada ya ule muda wa Desemba hadi Februari ambapo uvuvi hufungwa, nyavu za mjomba zilinasa kwenye kisiki. Nyavu hizo ndizo zinazonitunza mimi na wadogo zangu. Binamu alizama mara mbili akitafuta kwa macho, akarudi mikono mitupu. Nilimwomba mjomba ruhusa nizame.

"Mpwa wangu," akasema, "macho yako umenishikisha mimi hapa mtumbwini." Kweli miwani yangu ilikuwa mkononi mwake.

"Ndiyo mjomba," nikamjibu, "lakini kule chini hata binamu hana."

Akanifunga kamba kiunoni, akakubali. Nilifumba macho nikaifuata kamba ya wavu kwa mkono, shubiri kwa shubiri, mpaka nikaligusa tawi lililonasa. Nilizama mara tatu, na mara ya tatu wavu ukaachia. Tangu siku hiyo mjomba hunihesabu kati ya wazamiaji wake.

Sisemi haya ili wadogo zetu wakimbilie majini. Kichocho kimo, na mamba wamo. Mamba mwenyewe ni funzo kubwa. Uchunguzi umeonyesha kwamba macho yake, yaonayo vema juu ya maji, hayaoni vizuri chini ya maji. Lakini ngozi ya taya zake ina vipele vidogo vinavyohisi hata mtikisiko mdogo wa maji. Yeye hakuhitaji kukuona ndipo ajue kwamba upo.

Basi, ndugu zangu, nawasihi mambo mawili. Kwanza, asizame mtu kwa kuyategemea macho yake mazuri, maana hayo huyaacha juu. Afungwe kamba, awe na mwenzake mtumbwini, na mkono wake utangulie. Pili, msimcheke mwenzenu anayesoma kwa kusogeza kitabu puani, wala msimwambie kwamba hafai kazi. Mpelekeni apimwe macho. Majini upungufu wake ni wetu sote, lakini ubaoni ni wake peke yake, na huo una dawa.