Pikipiki Tuliyotaka Kuiuza

Mama msomaji, bila shaka nyumbani kwako kuna kitu kimoja kikuukuu ambacho kila ukifagia unakizunguka, na moyoni unajiuliza kitatoka lini. Kwetu sisi, hapa Mafinga, kilikuwa pikipiki. Ni Honda CG125 ambayo baba mkwe aliinunua mwaka 1984 ikiwa imekwisha kutumika, baada ya kuuza ng'ombe watano. Ilibeba mbolea, ilibeba mahindi, ilibeba wagonjwa wa kijiji kizima. Mwaka 2002 ilitubeba sisi wenyewe usiku, tukiwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. (Leo, kwa elimu yetu ya uuguzi, tusingemshauri mama yeyote jambo hilo, lakini usiku ule hapakuwa na gari.)

Baba mkwe alipofariki, pikipiki ilibaki kwa baba watoto. Mwaka 2009 ilizimika, ikasukumwa stoo nyuma ya jiko, na kuku wakaanza kutagia juu ya siti.

Mwaka 2021 baba watoto alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito. Akili yake ilikuwa timamu, lakini akitaka kusema jambo neno lilimkimbia. Kumhudumia tulijua. Tulimgeuza kitandani kwa saa, tulimpa dawa za presha bila kukosa, tulimnyoosha mkono na mguu asubuhi na jioni, na hakupata kidonda cha mgongo hata kimoja. Akina mama wa kanisani walipokuja kutuona walitusifu, nasi tukazipokea sifa hizo.

Lakini kidogo kidogo nyumba ikageuka wodi. Tuliamua avae nini, ale nini, nani aingie kumwona na atoke saa ngapi. Tulizungumza habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Ada za watoto, mambo ya shamba, mchango wa harusi ya shemeji, yote tuliyamaliza wenyewe, maana kumsubiri atafute neno kulichukua muda na zamu ya usiku ilikuwa inatungoja. Sisi ambao kila Jumamosi tunakwenda na kikundi cha kanisa kuwatembelea wagonjwa, na kuwafundisha jamaa zao namna ya kuwatunza, hatukuliona hilo katika nyumba yetu.

Mapema mwaka 2023 alipita mnunuzi wa chuma chakavu na mkokoteni na mizani yake. Akatoa shilingi 60,000 kwa pikipiki nzima. Tulikubali pale pale. Baba watoto alikuwa ameketi barazani, na hatukumwuliza neno. Vijana wawili walipoitoa stoo, matairi yakiwa hayana upepo, alipiga sakafu kwa fimbo yake mara moja, mara ya pili, kisha akasema neno moja tu: "Yangu." Halafu akalia.

Tulirudisha fedha, na pikipiki ikarudi stoo. Usiku tulimwomba radhi. Aligeukia ukutani.

Kijana wetu mkubwa alikuwa amemaliza chuo na hajapata kazi. Asubuhi akasema, "Mama, radhi ya mdomo haitoshi. Tuifufue." Tulidhani ni utoto. Hata hivyo alikwenda kwa fundi mmoja mzee karibu na soko, akarudi na habari njema. Honda waliianza CG125 katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hupakizwa mizigo mizito na matengenezo yake ni ya nadra, ndiyo maana injini yake ni rahisi na ngumu. Tena pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda zimefuata muundo wa injini hiyo hiyo, hivyo pistoni ya milimita 56.5 na ringi zake zinapatikana madukani. Ila fundi alionya kwamba si kila spea huingia, hasa za umeme, kwa sababu za zamani kama yetu zilitumia volti 6 na za sasa hutumia 12.

Basi kiti cha baba watoto kikahamishiwa uani, na kazi ikaanza.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa pistoni, iliyokuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Kiki haikushuka hata kidogo. Kijana alitaka kuigonga kwa nyundo. Baba yake akatikisa kichwa, akaonyesha tundu la plagi kwa mkono wa kushoto, kisha akafanya kama mtu anayemimina. Tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili. Kila siku kijana akiuliza, jibu lilikuwa, "Kesho." Siku ya tano alionyesha vidole vinne, na ilituchukua muda kuelewa kwamba anataka gia ya nne. Wakaingiza gia, wakalisukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu, mpaka ndani kukalia "kwa!" na pistoni ikasogea.

Tenki lilikuwa na kutu ndani. Binti yetu alitia kokoto na mafuta ya taa, akalitikisa mpaka mikono ikamwuma. Sisi tulipewa kabureta. Petroli ya mwaka 2009 ilikuwa imekauka humo kama gundi. Tulipanga vipande vyake kwenye trei kwa utaratibu, kama vyombo vya chumba cha upasuaji, na tulipotaka kuchokonoa vitundu vya jeti kwa waya, baba watoto akakataa, maana waya hupanua tundu na pikipiki hubaki kula mafuta. Tukachukua bomba jipya la sindano, tukasukuma petroli safi mpaka kila kitundu kikapitisha. Alitutazama, akatabasamu upande mmoja wa uso. Hatukumbuki mara ya mwisho tulipofanya kazi pamoja, yeye akielekeza nasi tukifuata.

Ilituchukua miezi saba, kwa kadiri fedha zilivyopatikana: pistoni, ringi, gasketi, plagi, cheni, tairi mbili. Jumla shilingi 340,000. Dada mmoja wa kanisani alituambia waziwazi kwamba tumezitupa, na kwa hesabu ya daftari hatuwezi kumbishia.

Siku ya kuiwasha ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, baridi kali. Kijana alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Kimya. Wakatoa plagi, wakaiegemeza kwenye injini, kiki ikapigwa, na cheche ya buluu ikaonekana. Moto upo, kwa nini haiwaki? Kila mtu alikuwa na maoni yake. Jirani alisema platini, fundi alisema hewa, nasi pia tulisema letu. Ni binti aliyepaza sauti, "Hebu nyamazeni, baba ana neno!"

Alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto tangu mwanzo, na hakuna aliyemtazama. Tukanyamaza. Ilikuwa vigumu kutomsaidia. Midomo ilitafuta, ikakosa, ikatafuta tena. "Ko... koki."

Koki ya mafuta ilikuwa imefungwa. Hapo alicheka yeye kwanza, ndipo sote tukacheka, na kiki ya tatu ikaunguruma, moshi ukajaa uani na kuku wakatawanyika.

Haiendeshi, wala hatumruhusu kupanda nyuma, kwa kuwa upande wa kulia bado ni dhaifu. Kadi iliyokuwa kwa jina la marehemu babu tumeibadilisha, kijana amechukua leseni na kofia ngumu, na hutufikisha hospitali tukiwa na zamu ya usiku. Ya matengenezo ni ya baba watoto. Oili ibadilishwe lini, cheni ikazwe kiasi gani, anasema yeye, kwa muda wake.

Juzi tulirudi asubuhi tumechoka, tukakuta gurudumu la nyuma limetolewa na limelazwa chini. Tukamwuliza kijana kuna nini.

"Muulizeni baba," akajibu.

Tukavuta kigoda, tukaketi karibu naye, tukasubiri.