Radi ya Sumbawanga

Najua mmenisema sana, ooh kapotea, kapata bumu katusahau. Jamani sijapotea. Nilikuwa likizo nyumbani Sumbawanga, nimerudi hapa Mkwawa juzi usiku, miguu imevimba kama mandazi. Anayeijua safari ya Sumbawanga, Laela, Tunduma, Mbeya mpaka Iringa atanielewa.

Kufika tu, mwenzangu wa chumba akanipokea na utani wake ule ule: "Umetuletea radi?" Sisi wa Ufipa tumeshazoea. Ukitaja kwenu ni Sumbawanga watu wanasogea pembeni kidogo. Huwa nawajibu kwamba jina lenyewe la mji maana yake ni tupa uchawi, kwa hiyo sisi ndo tulioutupa, walioenda kuuokota ni nyie. Tunacheka, yanaisha. Safari hii sikucheka vizuri, na leo nataka niwaambie kwa nini.

Naanza na babu, marehemu. Babu alikuwa mkulima wa maharage na ulezi, na alikuwa mgambo. Mwezi wa kumi 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, jeshi letu liliongezewa maelfu ya mgambo, na babu akawa mmoja wao. Mtu ambaye maji makubwa aliyoyajua ni Ziwa Rukwa na Tanganyika, akajikuta upande wa pili wa nchi na bunduki begani. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, vita ikaisha mwezi wa sita, babu akarudi. Mikono miwili, miguu miwili. Kijiji kikashukuru Mungu.

Tatizo likawa radi. Kwetu ni juu, mji uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na masika yakichachamaa radi inapiga mpaka vyombo vinagongana kabatini. Babu ikipiga ya kwanza tu yuko chini ya kitanda, na viatu mguuni. Ikitulia anatoka kwenye mvua anahesabu watoto, mmoja mmoja, halafu anarudia tena. Watu wakasema karogwa. Alipelekwa kwa waganga, mbuzi wakaenda, kuku wakaenda, radi ikabaki pale pale. Alifariki 2011, mimi bado mdogo, na sisi wajukuu tulikua tukijua hivo, kwamba babu kuna mtu alimchezea.

Sasa njoo kwa kaka yangu. Kaka ni mwanajeshi. Alikwenda Congo kwenye ulinzi wa amani, akarudi 2024. Kwenye familia za wanajeshi, mtu akienda huko simu ikilia usiku hakuna anayetaka kuipokea. Tunakumbuka Darfur mwezi wa saba 2013, vijana wetu saba. Tunakumbuka Semuliki, Desemba 2017, pale Beni, ambapo kambi ilishambuliwa usiku na Tanzania ikapoteza vijana zaidi ya kumi kwa mkupuo. Kwa hiyo kaka aliporudi salama tulichinja. Mama alilia mpaka akashindwa kupika.

Likizo hii alikuja na wifi na binti yao wa darasa la pili. Siku ya tatu ndo nikaanza kuona. Kaka halali. Unaamka saa nane usiku unamkuta jikoni, taa imezimwa, amekaa anaangalia mlango. Mfuniko wa sufuria ukidondoka anafoka kwa sauti ambayo siyo yake. Na mtoto, jamani, yule mtoto anafunga mlango kwa mikono miwili, polepole, ili usilie. Mtoto wa miaka minane! Jioni moja akaniuliza kwa kunong'ona, "Shangazi, baba nimemkosea nini?"

Kesho yake tunachambua maharage, wifi akaniambia, "Wewe si unasoma saikolojia huko chuoni? Muangalie basi kaka yako ana nini."

Hapo ndo kichwa kikavimba. Mimi mwalimu mtarajiwa, mwaka wa tatu, nina madesa mazito ya saikolojia ya elimu, na nilikuwa natafuta mada ya utafiti. Nikaona Mungu kanipa mada bure mpaka sebuleni. Nikaandaa dodoso la maswali ishirini. Unalala saa ngapi? Unaota nini? Unakasirika mara ngapi kwa wiki? Nikamfuata kaka uani na daftari na kalamu, nimekaa kama mkaguzi wa elimu.

Akaichukua karatasi. Akaisoma yote, taratibu. Akaikunja mara mbili, akanirudishia.

"Mdogo wangu, mimi siyo asaimenti yako."

Siku mbili hakunisemesha.

Kinachoniuma ni kwamba jibu nilikuwa nalo kwenye pendekezo langu la utafiti, nimeliandika kwa mkono wangu. Mwaka 2004 huko Marekani Charles Hoge na wenzake walichapisha utafiti juu ya askari waliotoka Iraq na Afghanistan. Walikuta kwamba miongoni mwa wale wenye dalili za matatizo ya akili, waliotafuta msaada hawakufika hata nusu, na kikwazo kikubwa kilikuwa woga wa kuonekana dhaifu mbele ya wenzao na wakubwa wao. Nilikuwa nimelinukuu vizuri kabisa, na mwaka nimeweka. Halafu nikaenda na daftari mkononi kumwambia kaka yangu mkubwa, kwa lugha nyingine, kwamba nimeona udhaifu wake na nataka kuuandika. Kumbe mtu anaweza kufaulu somo na asilielewe.

Aliyeniokoa ni bibi. Jumamosi moja tulikuwa tunapukuchua mahindi, bibi, kaka na mimi. Mawingu yakafunga upande wa milima ya Mbizi, radi ikapiga. Mikono ya kaka ikasimama. Bibi hakumwangalia. Akaendelea kupukuchua, akasema kama anayeongelea bei ya mbolea:

"Babu yenu alikimbia Lukaya."

Hakuna aliyejibu. Akaendelea. Lukaya ni pale barabara ya Masaka kwenda Kampala inapokatiza bwawa. Machi 1979 brigedi iliyojaa mgambo, wengi hawajawahi kuona vita, ilishambuliwa hapo na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya. Maroketi yakaanza kushuka, watu wakatawanyika kwenye yale maji na matete. Kesho yake Watanzania walijipanga upya, wakashinda, na historia inakumbuka ushindi. Babu alikumbuka usiku ule. Kuna kijana wa kwao alikuwa nyuma yake anaita, na babu hakugeuka.

"Alikwambia lini, bibi?" kaka akauliza.

"Miaka kumi na miwili baadaye. Nilikuwa sijamuuliza. Nilijifunza tu kutomgusa akilala. Nasimama mlangoni, namwita jina lake la utotoni mpaka anarudi."

Mpaka anarudi! Miaka yote ile nasikia babu karogwa, kumbe bibi alijua mumewe kila usiku alikuwa Lukaya, na kazi yake ilikuwa kumwita arudi nyumbani.

Mvua ikanyesha. Tumepukuchua karibu debe nzima ndo kaka akasema, "Mimi kuna mtu nilimbeba." Aliyoyasema baada ya hapo ni ya kwake, sitayaandika hapa.

Nimerudi chuoni nimesoma tena, safari hii kwa adabu. Kuna tiba ambayo mtu anasaidiwa kusimulia maisha yake yote kwa mpangilio. Wanalaza kamba chini, panapokuwa na jema wanaweka ua, panapokuwa na baya wanaweka jiwe, halafu wanapita nalo polepole, jiwe likae mahali pake, mwaka wake, mbali na leo. Watafiti wa Ujerumani waliijaribu hapo Uganda, kambi ya Nakivale, na waliokuwa wanaitoa wengi walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa, siyo madaktari. Nikamkumbuka bibi na mahindi yake. Ila nisidanganye mtu, maneno ya bibi hayakumponya kaka. Yalimfungua tu mdomo. Amekubali kuonana na daktari, na kwa askari wa kwetu hilo siyo dogo, maana ukisema afya ya akili watu wanasikia Mirembe.

Kabla sijaondoka alimkalisha binti yake, akamwambia, "Hujanikosea kitu. Baba anaumwa, siyo wewe." Mtoto akakimbia nje, mlango ukajibamiza paa! Kaka akashtuka, akavuta pumzi, akanyamaza. Wifi aligeukia ukutani akajifuta macho na khanga.

Utafiti wangu nimebadilisha. Nitaangalia walimu wa shule ya msingi wanamtambuaje mtoto ambaye nyumbani kumebadilika. Na nyie wenzangu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha, mkikuta mtoto mtulivu kupita kiasi msikimbilie kumsifia nidhamu. Muulizeni kwanza anafungaje mlango kwao.

Kaka nilimwomba ruhusa kuandika haya. Akasema, "Andika, ila jina langu usiweke, na mwambie huyo mwenzako wa chumba radi nitamtumia mimi."

Nimeufikisha ujumbe. Hajacheka bado. Tuonane vimbwetani!