A, e, i, o, u kwenye mlango wa gari

Binti wa miaka sita alikuwa ndiyo kwanza amejifunza irabu. Daftari lilikuwa limeisha, na IST nyeusi ya baba yake ilikuwa uani kwao Mbagala, imetoka kuoshwa. Akaokota kokoto, akaandika kwenye mlango wa nyuma: a, e, i, o, u. Herufi za mwanzo zilikuwa nyepesi. Mkono ulipozoea, akakandamiza, na ile u ikakwangua hasa.

Gari lenyewe ni la mkataba. Baba anapeleka hesabu kila wiki, na ilibaki miezi saba liwe lake. Mwenye gari hulikagua kila mwisho wa mwezi. Baba alipouona mlango, alimwita mtoto kwa sauti iliyomtoa mama jikoni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, peleka gari kwa fundi kwanza. Huyu hakimbii."

Wapo watakaosema viboko viwili vingetosha. Mlango usingepona kwa viboko.

Fundi rangi alipitisha ukucha juu ya herufi. Ukucha ukiteleza bila kunasa, mkwaruzo umeishia kwenye klia, lile koti la juu linaloonekana kama kioo, na mara nyingi unatoka. Ukinasa, umezama. Ulinasa kwenye u.

Klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, mwembamba kuliko unywele. Fundi anayesema atasugua mpaka mkwaruzo uishe, mkimbie. Huyu aliloweka msasa namba 2000 kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni, akaukunja juu ya kipande cha raba, akasugua taratibu bila kukandamiza. Kingo za mlango alizibandika utepe wa karatasi, maana pale rangi huwahi kuisha. Maji yakatiririka meupe. Yangeanza kuwa meusi, angejua ametoboa klia.

Mlango ukapauka. Baba akashika kiuno.

"Tulia, mzee. Kung'aa kunarudi."

Kukarudi kwa kampaundi na mashine, ikizunguka pole pole bila kutulia mahali pamoja, kwani joto huunguza rangi. Mtoto, ambaye baba alimleta makusudi aone kazi aliyoisababisha, aliambiwa akae mbali. Gari jingine lilipoanza kupigwa rangi kwa bomba, fundi alimtoa nje kabisa. Mvuke wa rangi zile za kuchanganywa na hadna unaweza kuleta pumu, na hapo mzazi hana haja ya kubishana na fundi.

Mwishoni alipewa kitambaa laini afute mlango.

"Baba, zimeenda wapi?"

Nne zilikuwa zimetoka. Ya tano ilibaki, hafifu, na fundi akagoma kuifuata. "Hii nikiendelea nakutobolea mlango."

Baba hakungoja ukaguzi. Alimpigia mwenye gari jioni ile ile, akaeleza. Mwenye gari alipofika mwisho wa mwezi, aliinama, akamwita mtoto asome.

"U," akasoma, kajificha nyuma ya mguu wa baba yake.

Walikubaliana mlango upigwe rangi upya kabla mkataba haujaisha, kwa gharama ya baba. Kipande cha ukuta wa uani kimepakwa rangi nyeusi. Chaki ziko kwenye kopo, dirishani.