Karatasi na Sura za Wazee Wetu

Picha ya marehemu bibi yetu, iliyopigwa zama za picha zisizo na rangi, ilikuwa imeanza kuliwa na unyevu. Tukaipitisha kwenye skana na kuichapisha upya kwa printa ya wino, ili kila mjukuu apate nakala yake. Fundi alituchagulia karatasi nyeupe kuliko zote, nasi tukafurahi. Lakini uso wa bibi ulizama ndani ya buibui lake, ukawa kiza kitupu. Na baada ya miaka michache ukutani, weupe ule uliotuvutia ukageuka manjano.

Kosa lilikuwa letu pia, kwani hatukuuliza. Aghalabu weupe wa namna ile hutokana na dawa za kung'arisha, ambazo hupokea miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kuwa mwanga wa samawati. Dawa hizo zikichoka, karatasi hurejea rangi yake ya asili. Karatasi ya pamba isiyo na dawa hizo wala asidi haing'ari sana, bali hudumu.

Lililobaki lilikuwa suala la uso. Karatasi isiyong'aa hutawanya mwanga, na kwa hiyo weusi wake huonekana kama kijivu kizito. Karatasi ya barita, iliyopakwa bariamu salfeti chini ya tabaka linalopokea wino, hutoa weusi wa kina zaidi. Barita si jambo geni: ilikuwamo katika karatasi za chumba cha giza enzi za akina Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930.

Safari ya pili tulichapisha uso peke yake juu ya vipande viwili vya karatasi za pamba, kimoja cha barita na kimoja kisichong'aa. Kila mara tuliitajia printa aina ya karatasi, maana kiasi cha wino hutegemea hiyo. Vilipokauka tukavitazama dirishani mchana. Katika kile cha barita, uso ulitengana na buibui, na makunyanzi yakaonekana.

Walimu na wanafunzi wanaokusanya picha za wazee hawana budi kulizingatia jambo hili. Karatasi ing'aayo dukani si lazima iwe ndiyo inayohifadhi sura. Tuijaribu kwanza kwa kipande kidogo, tukiuliza: je, mtu wetu anaonekana?