Pima Sanduku Kwanza, Mjusi Baadaye

Leo tuweke hifadhidata kando kidogo, tuzungumze juu ya mijusi. Najua wengine mmeshaanza kucheka, kwa sababu kwetu mjusi hafugwi. Mjusi kafiri anaishi ukutani bila kulipa kodi ya nyumba, anakula mbu wake, basi. Lakini kule Marekani kuna watu wanaofuga mijusi kama sisi tunavyofuga paka, na mwezi uliopita kazi ya kuchagua mmoja iliniangukia mimi.

Dada yangu mkubwa anaishi Minneapolis. Jirani yake alihama akamwachia tangi la kioo la kufugia samaki, tupu kabisa. Mpwa wangu, ambaye ana miaka 11, akatangaza kwamba humo ataingia kinyonga wa pembe tatu wa kutoka Kenya. Dada yangu anamwogopa kinyonga kuliko nyoka. Akanipigia simu: "Wewe ndiye mjomba na ndiye mtu wa kompyuta. Ongea naye."

Nikaongea naye. Sababu yake ilikuwa moja tu: "Anko, nataka kitu cha kwetu." Huyu ni mtoto aliyefika Kenya mara moja, akiwa hajaanza kutembea. Sasa utamjibuje?

Mimi nilimjibu kama ninavyomjibu mteja. Mteja akija ofisini akitaka programu, sianzi na programu. Nauliza wafanyakazi wake wanatumia simu gani, kumbukumbu kiasi gani, intaneti ikoje. Mashine ndiyo inayoamua. Kwa hivyo nilimwambia mpwa wangu achukue futi ya fundi apime tangi. Akaniletea jibu: urefu sentimita 91, upana 46, kimo 41. Juu kuna mfuniko wa waya.

Tangi kama hilo Marekani huuzwa kwa jina la galoni 40. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu galoni ni lugha ya samaki. Mjusi haogelei humo. Anayetembea chini anahitaji sakafu, na anayepanda anahitaji kimo. Matangi mawili ya galoni 40, moja refu kwenda juu na jingine limelala, ni nyumba za wanyama wawili tofauti kabisa. Hili letu limelala.

Basi tukafungua jedwali, yeye kule na mimi Nairobi, tukawapitisha wagombea mmoja mmoja:

1. Iguana wa kijani. Anauzwa akiwa mdogo wa kutosha kukaa kiganjani, lakini akikua anaweza kupita mita moja na nusu, mkia ukiwemo. Huyo anahitaji chumba, wala si tangi. Nje.

2. Mjusi mwenye ndevu wa Australia. Mpole, huamka mchana, watoto wanampenda. Lakini mkubwa hufika sentimita 45 hadi 60, na kizimba kinachopendekezwa siku hizi ni angalau sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Letu linapungua kila upande. Nje, ingawa mpwa wangu alibishana sana.

3. Geko mwenye kishungi, wa kisiwa cha New Caledonia. Wataalamu walidhani ametoweka duniani mpaka alipoonekana tena mwaka 1994. Hapendi joto kali, jambo zuri kwa gharama za umeme. Lakini yeye ni wa matawini, na sentimita 41 za kimo hazimtoshi. Nje.

4. Kinyonga wa pembe tatu, yaani kinyonga wa Jackson. Huyu ndiye aliyetakiwa. Anahitaji kizimba kirefu kwenda juu, chenye matawi na kuta za wavu ili hewa ipite, pamoja na usiku wa baridi kidogo kama wa milimani kwetu. Ukimweka kwenye tangi la kioo, hewa inasimama, unyevu unatuama, na mapafu yake huugua. Nje.

5. Geko chui, wa nchi kavu za Pakistan, Afghanistan na India. Urefu wake ni kama sentimita 20 hadi 25. Hana nyayo za kunata kama mjusi kafiri, kwa hivyo hapandi kioo. Anatembea chini, na sakafu ya 91 kwa 46 ndiyo hasa inayopendekezwa kwa mmoja wao. Ndani!

Jedwali lilikuwa limeshaamua, lakini mtoto alikuwa hajaamua. Alinyamaza, halafu akauliza, "Kwa hivyo wa Kenya hawezi?"

Nikamsimulia habari ya Hawaii. Mwaka 1972 vinyonga wa Jackson kadhaa walisafirishwa kutoka Kenya hadi kisiwa cha Oahu kwa ajili ya biashara ya wanyama wa kufugwa. Walifika wamedhoofika, mwenyewe akawaachia bustanini wapate nguvu. Wakapata nguvu, wakaondoka zao. Leo wameenea visiwani humo, na wanakula wadudu na konokono wa asili ya huko. Walipelekwa mahali bila mtu kufikiria kama panawafaa, na wenyeji wa pale ndio wanaolipa.

Nikamwambia pia kwamba kinyonga huyo yupo kwenye ua wa shosho yake Nyeri, na hahitaji taa wala wavu. Akija Desemba tutamtafuta pamoja, tutampiga picha, na tutamwacha palepale. Hata sheria inasema hivyo: chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, hapa Kenya huwezi kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Kwa hivyo nanyi wasomaji msiende uani na ndoo.

Kuhusu geko chui, kazi haikuishia kwenye vipimo. Upande mmoja wa tangi uwe na joto, sakafu yake ikifika nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na upande wa pili ubaki kama 25, ili achague mwenyewe. Kifaa cha joto lazima kiunganishwe na themostati. Awekewe maficho matatu: la joto, la baridi, na moja lenye unyevu la kumsaidia kujivua ngozi. Chakula ni nyenje na wadudu wengine walio hai, walionyunyiziwa unga wa kalsiamu na vitamini D3. Na mikono ioshwe kila baada ya kumshika, kwa sababu mijusi hubeba salmonela.

Halafu kuna namba ambayo haionekani kwenye futi: miaka 15 hadi 20. Ndiyo maisha ya geko chui akitunzwa vizuri. Mpwa wangu atamaliza chuo mjusi bado yupo. Dada yangu aliposikia hivyo alinyamaza kwa muda, kisha akasema sawa, bora asiwe kinyonga.

Sasa hivi tangi lina joto lakini halina mjusi. Tumekubaliana lipimwe wiki mbili nzima, asubuhi na usiku, kabla ya kumnunua. Mpwa wangu ananitumia jedwali kila Jumapili. Jana upande wa baridi ulikuwa 24, upande wa joto 33.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Kaeni salama.