Kuongeza chumba bila kibali: si kila mita ni yako

Kazi za darasani zilinibana kidogo, ndiyo maana kimya. Leo nina jambo la nyumba.

Mimi nasoma mipangomiji huku Uingereza, basi kila ndugu mwenye nyumba ananigeuza wakili. Safari hii ni shangazi yangu. Bibi anaishi kwake, magoti yamechoka, na chumba chake kiko ghorofani. Kila akitaka chai ni safari ya ngazi. Shangazi anataka kumjengea chumba na choo chini, nyuma ya nyumba. Fundi kamwambia, "Mama, mita 3 huhitaji kibali, kesho naleta tofali."

Fundi hajadanganya, ila kasema nusu. England kuna ruhusa ya jumla ambayo serikali imeshaitoa, amri yake ya sasa ni ya mwaka 2015. Nyumba iliyoungana na ya jirani, kama ya shangazi, inaruhusiwa kuongezwa nyuma mita 3 kwa ghorofa moja. Iliyosimama peke yake, mita 4. Kimo kisizidi mita 4, na majengo yote ya kuongeza yasile zaidi ya nusu ya kiwanja kinachozunguka nyumba. Fleti haimo kabisa.

Sasa sikilizeni hapa. Mita zinapimwa kutoka ukuta wa nyumba ya ASILI, yaani ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948, au ilivyojengwa mwanzo kama ilijengwa baada ya hapo. Nyuma kwa shangazi kuna kibaraza cha vioo cha mita 2, alikikuta wakati ananunua. Ukiongeza 3 mbele yake, jumla 5! Nani alijenga kile cha kwanza haijalishi, zote zinahesabiwa. Halmashauri ikija kugundua, inaweza kuamuru kivunjwe. Sisi tuliokulia Dar tunaijua ile X nyekundu ukutani, hatuhitaji kufundishwa.

Ila njia ipo jamani. Nyumba kama yake inaweza kufika mita 6, na ile ya peke yake mita 8, ukiitaarifu halmashauri kwanza. Wao wanawaandikia majirani, na ndani ya siku 42 wanakujibu. Jirani asipopinga, na vipimo vikiwa sawa, unajenga. Akipinga, halmashauri inaangalia ujenzi utamuathiri vipi.

Na hata hapo bado. Kanuni za ujenzi ziko palepale: msingi, mifereji, umeme, kinga ya moto, mkaguzi lazima. Ukigusa ukuta mnaochangia au kuchimba msingi karibu na wake, sheria ya mwaka 1996 inataka umpe jirani taarifa ya maandishi. Kwa hiyo "bila kibali" maana yake ni kwamba kibali kimeshatolewa, kina masharti, na kuyasoma ni kazi yako.

Shangazi ameamua kibaraza kivunjwe, chumba kitoke mita 5, na fomu imeshaenda. Kabla ya barua ya halmashauri kufika, alimpelekea jirani sambusa na ramani, akamweleza kuhusu Bibi. Yule mzee aliuliza swali moja tu: jikoni kwake jua litaingia? Swali la haki kabisa. Hajasema ndiyo wala hapana.

Leo ni siku ya 11. Bibi bado anapanda ngazi.

Haya, tuombeane. Nawahi maktaba.