Kimondo Juu ya Wagenia

Mchana kutwa nilitazama chini. Maporomoko ya Wagenia hayamsamehe anayetembea ameinua kichwa: mawe yana utelezi, na Mto Kongo unapita kwa kishindo katikati ya miti mirefu waliyoisimika wavuvi, wakaifunga kwa kamba za mwituni na kuning'iniza mitego ya kusuka ambayo mtu mzima angeingia akajikunja.

Usiku, umeme ulikatika. Sikulalamika. Ilikuwa katikati ya Desemba, mvua zimepungua, nasi tumemaliza lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa liboke, wa kufungwa majanini. Kisangani iko nusu digrii tu kaskazini mwa Ikweta. Nyota huchomoza wima nyuma ya msitu, na mbingu za kaskazini na za kusini zote ni zako.

Ghafla nikaona kivuli changu juu ya jiwe. Kuinua kichwa, moto wa kijani unatoka upande wa kundinyota la Mapacha, unavuka mto ukimwaga cheche, unazimikia juu ya Lubunga, ng'ambo. Sekunde tatu hivi. Kama kulikuwa na mlio, maporomoko yaliumeza.

“Papa, umeona?”

“Nimeona, mwanangu,” akajibu mzee mwenyeji wangu, wala hakuacha kusokota kamba.

Kimondo: neno la Kiswahili, lugha iliyofika hapa na misafara ya akina Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls, yaani hapa hapa, mwaka 1887, na leo inagawana soko na Kilingala. Wazee wa pwani husema vimondo ni mawe wanayopigwa mashetani wanaodukiza habari za mbinguni. Wanaastronomia husema vya katikati ya Desemba ni makombo ya asteroidi Phaethon, yanayoingia hewani kwa kilomita 35 kwa sekunde. Kokoto moja tu yatosha kumulika mto. Mimi nachukua yote mawili.

Mengi huteketea angani. Lakini Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992, mawe ya namna nyingine yalifika chini, na kijipande cha gramu chache kikampiga kijana kichwani baada ya kugonga majani ya mgomba. Nikaiangalia migomba ya mzee kwa heshima mpya.

Asubuhi kijana wa toleka, baiskeli ya abiria, aliniapia kwamba kimeanguka Lubunga, nyuma ya stesheni. Nikavuka kwa mtumbwi. Lubunga kila niliyemuuliza alikuwa amekiona, na kwa uhakika ule ule wakaninyooshea reli: kimeanguka kule, Ubundu, kilomita 125.